Kupiga hesabu ya kapasitansi kwenye saketi ya koili na kapasita (LC), pamoja na ile C usiyoiona kwa macho

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, juzi kanitumia picha ya daftari lake saa nne usiku, "kaka hii C nimepata 0.000000000127, nimekosea au?" Nikapitia nikakuta hajakosea kitu, ni kwamba hiyo namba ilikuwa haimwambii chochote. Wiki iliyofuata kasuka koili kwenye kipande cha bomba, kanunua kapasita kaunga, masafa yakatoka tofauti na aliyopiga, akarudi tena, "kaka sasa fomula ndo imekosea wapi?" Fomula haijakosea popote. Ile C iliyomo kwenye fomula ni kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) YOTE iliyopo kwenye saketi, na kapasita uliyonunua dukani ni sehemu tu ya hiyo C. Nilimweleza kwa sauti za WhatsApp karibu saa nzima, sasa naandika vizuri hapa, maana najua hajakwama peke yake.

Tuanze na kinachotokea humo ndani, kwa ufupi. Una kapasita umeichaji halafu unaiunga na koili. Kapasita inataka kumwaga chaji, mkondo unaanza kupita kwenye koili, na koili ni kama lori lenye mzigo, kuondoka linachelewa na likishaondoka halisimami ghafla. Kwa hiyo kapasita ikishaisha chaji mkondo bado unaendelea kusukumwa na koili, unaichaji kapasita upande wa pili, plasi inakuwa mainasi, halafu safari inarudi. Nishati inahama kutoka uwanja wa umeme kwenye kapasita kwenda uwanja wa sumaku kwenye koili na kurudi, kama bembea. Mwaka 1853 William Thomson, ndiye baadae akaitwa Lord Kelvin, akaipigia hesabu hii bembea, na kanuni tunayotumia mpaka leo ni hii:

f = 1 / (2π√(LC))

f ni masafa kwa hezi, L ni indaktansi ya koili kwa henri, C ni kapasitansi kwa faradi. Ukitaka C unaigeuza tu, pande zote mbili unaweka kipeo cha pili ile mizizi iondoke, unabaki na:

C = 1 / (4π² f² L)

Angalia hapo, 2π nayo imepigwa kipeo cha pili ikawa 4π², ambayo ni 39.478. Wengi wanaangukia hapa hapa, wanakumbuka kuweka kipeo kwenye f wanaisahau 2π, jibu linatoka kubwa mara 6.28 kuliko inavyotakiwa. Ukiona jibu lako ukiligawa kwa jibu la kwenye kitabu linatoka 6.28 basi usihangaike kutafuta kosa kwingine, ni hilo.

HATUA YA KWANZA: vizio kabla ya kitu kingine chochote

Andika ulichopewa halafu kigeuze kiwe kwenye kizio cha msingi kabla hujagusa kikokotoo. Kilohezi zidisha kwa 1,000, megahezi kwa 1,000,000. Milihenri ni 10⁻³ ya henri, mikrohenri 10⁻⁶. Majibu ya C karibu yote yanatoka kwenye mikrofaradi (10⁻⁶), nanofaradi (10⁻⁹) au pikofaradi (10⁻¹²), faradi nzima moja ni kitu kikubwa sana, kwenye redio hukutani nayo. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya redio ukapata faradi 0.3 ujue kuna sifuri zimepotea njiani.

Chukua swali la mdogo wangu. Koili ya mikrohenri 200, saketi inabembea kwa kilohezi 1000, tafuta C.

f = 1 × 10⁶, f² = 1 × 10¹²
L = 200 × 10⁻⁶ = 2 × 10⁻⁴
4π² f² L = 39.478 × 10¹² × 2 × 10⁻⁴ = 7.896 × 10⁹
C = 1 / (7.896 × 10⁹) = 1.2665 × 10⁻¹⁰ faradi

Sasa usiiache hivyo, isogeze iwe pikofaradi: 126.65 pF. Hapo namba inaongea, ni kapasita ndogo ya kauri unayoweza kuishika mkononi. Na kwenye kikokotoo weka mabano kwenye sehemu yote ya chini, maana ukiandika 1 ÷ 4 × π² × f² × L bila mabano kikokotoo kinagawa kwa 4 peke yake halafu vingine vyote kinazidisha.

Njia ya mkato tunayoitumia tunaochezea redio ni hii, iandike nyuma ya daftari:

C (pF) = 25330 / (f² × L), ambapo f iko kwa megahezi na L kwa mikrohenri.

Hiyo 25330 ni 1 gawanya kwa 4π² ikiwa na sifuri za vizio zimeshapangwa humo humo. Jaribu: 25330 ÷ (1 × 200) = 126.65. Umeona, sekunde tano. Kwenye mtihani onyesha njia ndefu, hii ya mkato itumie kuhakiki.

HATUA YA PILI: soma swali limekupa nini hasa

Sio kila mara utapewa f moja kwa moja. Ukipewa ω (omega) hiyo ni 2πf tayari, kwa hiyo C = 1/(ω²L), usiizidishe tena na 2π. Ukipewa muda T wa mzunguko mmoja, f = 1/T, au enda moja kwa moja C = T²/(4π²L).

Mtego unaonikera kuliko yote ni ule wa robo. Swali linasema "kapasita imejaa chaji, baada ya mikrosekunde 5 ikawa tupu kwa mara ya kwanza, koili ni milihenri 1, tafuta C". Mtu anachukua 5 kama T. Hapana! Fikiria bembea, kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa ni robo tu ya safari, bado ipande upande wa pili, ishuke, irudi juu ilipoanzia. Kwa hiyo T = mikrosekunde 20, f = kilohezi 50 yaani megahezi 0.05, C = 25330 ÷ (0.0025 × 1000) = 10,132 pF, tuseme nanofaradi 10.1. Aliyetumia 5 atapata C ndogo mara 16, na alama zote zimeondoka. Ndugu yake ni swali la nishati: nishati ya kapasita inafika kileleni mara MBILI kwa kila mzunguko, mara moja ikiwa imejaa upande huu na mara moja upande ule, kwa hiyo ukiambiwa nishati inapanda na kushuka kwa kilohezi 100 basi f ya saketi ni 50.

Kuna na swali ambalo halina f kabisa, umepewa volti ya juu kabisa na mkondo wa juu kabisa. Hapo tumia nishati, yote iliyokuwa kwenye kapasita inahamia kwenye koili: ½CV² = ½LI², kwa hiyo C = L × (I/V)². Mfano L ni mikrohenri 200, volti 5, mkondo miliampea 4: I/V = 0.0008, kipeo cha pili ni 6.4 × 10⁻⁷, zidisha na 2 × 10⁻⁴ unapata 1.28 × 10⁻¹⁰, yaani 128 pF. Karibu sawa na ile ya mwanzo, na hatukugusa masafa hata kidogo. Mimi hii naipenda sana.

Wengine wanauliza vipi ukinzani wa waya, si unaharibu hesabu? Unaipunguza nguvu bembea, inakufa taratibu, lakini masafa haiyasogezi sana. Chukua koili yetu ya 200 tuseme ina ohmu 10, kwenye kilohezi 1000 masafa yanashuka kama hezi 8 tu kati ya hezi milioni moja. Sahau kuhusu hilo, mpaka ukinzani uwe mkubwa kweli kweli.

HATUA YA TATU: kutoka kwenye daftari kwenda kwenye meza

Koili ya mikrohenri 200 unaisuka hivi. Kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha sentimita 5, waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.5 (fundi wa kusuka mota anao, mwombe akupimie mita 12 hivi), mizunguko 70 iliyobanana bila kupandana. Urefu wa msuko utakuja kama sentimita 3.85. Kuna kanuni ya mhandisi Wheeler ya mwaka 1928 ya koili zenye tabaka moja la waya, ukiigeuza kwa sentimita ni L = 0.394 × r² × N² ÷ (9r + 10l), L inatoka kwa mikrohenri, r ni nusu kipenyo, N ni mizunguko, l ni urefu wa msuko. Hapa: 0.394 × 6.25 × 4900 ÷ (22.5 + 38.5) = 197.8. Sawa, 200 hiyo. Kwaruza vanishi kwenye ncha mbili za waya kwa wembe au msasa mpaka shaba ing'ae, ukiacha vanishi risasi ya kuchomelea haishiki, utadhani kapasita mbovu kumbe hata haijaungwa.

Kapasita soma kodi yake (namba zilizoandikwa juu yake) vizuri. Ya kauri iliyoandikwa 101 ni 10 ikifuatwa na sifuri moja, yaani 100 pF. 102 ni 1000 pF, 103 ni 10,000 pF ambayo ni nanofaradi 10, 104 ni nanofaradi 100. Na iliyoandikwa 100 mara nyingi SIO mia, ni 10 ikifuatwa na sifuri hakuna, yaani 10 pF. Herufi inayofuata baada ya namba ni uvumilivu, J ni asilimia 5 juu au chini, K asilimia 10, M asilimia 20. Kwa saketi ya kubembea tafuta ya NP0 (wengine wanaandika C0G) kwa sababu haibadiliki na joto, zile za kauri za bei rahisi ukipuliza pumzi tu karibu yake masafa yanahama.

HATUA YA NNE: pima, halafu iwinde ile C usiyoiona

Hapa ndo mdogo wangu alikwama. Alichukua koili yake ya 200 na kapasita ya 100 pF, akapiga hesabu vizuri, f = √(25330 ÷ (100 × 200)) = megahezi 1.125. Tukaweka kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo), tukapata 1.040. Kilohezi 85 zimeenda wapi?

Namna ya kupima ni hii. Chukua waya mwingine uzungushe mara mbili pembeni ya koili bila kuigusa, uupe mawimbi ya mraba ya kilohezi 10 kutoka kwenye jenereta ndogo ya mawimbi (signal generator). Kila ukingo wa mraba unaipiga saketi kama unavyopiga kengele, unaona mawimbi yanapanda kushuka yakififia. Usipime wimbi moja, hesabu kumi kwa pamoja, soma muda wake kisha gawa kwa kumi, kosa la jicho linapungua. Osiloskopu iwe inafika megahezi kadhaa, zile ndogo kabisa za bei rahisi nyingine zinaishia kilohezi 200, hapa hazikusaidii.

Na probu (waya wa kupimia wa osiloskopu) swichi yake iweke kwenye ×10! Probu ikiwa ×1 inabeba kama 100 pF pamoja na kebo yake, yaani umeongeza kapasita nyingine nzima bila kujua. Kwenye ×10 inabaki kama 10 mpaka 15 pF.

Haya, turudi kwenye 1.040 yetu. Geuza hesabu, C = 25330 ÷ (1.0816 × 200) = 117.1 pF. Kapasita tuliyounga ni 100. Kwa hiyo kuna kama 17 pF zimetoka kwenye vitu ambavyo havikuandikwa kwenye swali: probu kama 12, na zilizobaki ni mizunguko ya koili yenyewe iliyokaa ubavu kwa ubavu, waya za kuungia, na hata meza. Vipande viwili vya shaba vikikaa karibu bila kugusana hiyo tayari ni kapasita, haijalishi umeikusudia au la.

Lakini ngoja, mdogo wangu akauliza swali zuri kweli, "kaka je kama koili sio 200 kamili?" Kweli kabisa, kanuni ya Wheeler ni makadirio na waya unaweza kuwa umelegea. Hapo kuna ujanja ambao hauhitaji kujua L kabisa, na ndo unaotumika kwenye mita nyingi za kupimia L na C. Pima masafa mara mbili, ya kwanza saketi kama ilivyo (f1), ya pili ukiwa umeongeza sambamba kapasita unayoijua (f2). Kisha:

C iliyokuwepo = C uliyoongeza ÷ ((f1/f2)² − 1)

Tukaongeza 100 pF nyingine sambamba, masafa yakashuka mpaka kilohezi 764. 1040 ÷ 764 = 1.3613, kipeo cha pili 1.853, toa 1 inabaki 0.853, 100 ÷ 0.853 = 117.2 pF. Imekuja ile ile! Na sasa L unaipata kwa kurudi nyuma, 25330 ÷ (1.0816 × 117.2) = 199.8. Kwa hiyo koili ilikuwa nzuri na kilichoongezeka ni kapasitansi kweli. Kijana alitulia kimya akiangalia ile karatasi, halafu akairudia mwenyewe kutoka mwanzo bila kuangalia yangu.

Angalizo moja la usahihi: jibu lako halizidi ubora wa kapasita uliyoongeza. Ikiwa J ya asilimia 5 basi ile 117 nayo ina asilimia 5 za kuyumba, tena kwenye zile 17 ndogo ndo utaona kuyumba kukubwa zaidi. Tafuta hata moja tu ya asilimia 1 uifanye kipimo chako, uiweke kwenye kibahasha chake usiichomelee popote. Na kwa kuwa f iko kwenye kipeo cha pili, ukikosea f kwa asilimia 1 C inakosea kwa asilimia 2, ukikosea L kwa asilimia 1 C inakosea 1 tu. Ukiwa na muda wa kupima kitu kimoja kwa makini pima masafa.

Redio nzima ya mawimbi ya kati

Ukitaka redio ishike bendi yote ya MW, huku kwetu inaanza kilohezi 531 mpaka 1602. Kwa koili ya 200 chini unahitaji 25330 ÷ (0.28196 × 200) = 449 pF, juu unahitaji 25330 ÷ (2.5664 × 200) = 49.4 pF. Masafa yameongezeka mara 3 lakini C imepungua mara 9, kile kipeo cha pili kinafanya kazi yake. Sasa kama saketi yako ina 20 pF za kujificha, ile kapasita ya kuzungusha inatakiwa itoke 429 na ishuke mpaka 29, na baadhi zikifunguliwa kabisa hazishuki mpaka hapo, ndo maana watu wanapata stesheni za chini vizuri halafu za juu hawazifikii wanadhani koili ni mbovu. Na ukiunga waya mrefu wa antena moja kwa moja kwenye koili, huo nao unaongeza makumi ya pikofaradi, ukiwa mrefu sana hata kupita mia, na bendi yote inahama. Antena ipitishe kwanza kwenye kapasita ndogo ya 10 mpaka 22 pF ya mfululizo.

Kwenye FM ndo balaa zaidi. Koili ya mikrohenri 0.1, yaani mizunguko michache tu, kwa megahezi 88 inataka 32.7 pF na kwa 108 inataka 21.7. Bendi nzima iko ndani ya pikofaradi 11! Kidole chako tu kikisogea karibu stesheni inahama. Huko miguu ya kapasita ikate mifupi kabisa.

Kuhusu usalama, saketi hizi za mezani ni za volti chache hazina shida, ila ukifungua jiko la induction au pawasaplai ukutane na LC humo ndani usipime kwa namna niliyoeleza hapa, kapasita zake zinashika chaji ya kuua hata ukishachomoa ukutani.

Tulimalizia hivi. Alitaka kilohezi 1000 kamili, jumla 126.65 pF. Probu ikitolewa zinabaki 5 za kujificha, kwa hiyo za kuunga ni 121.65. Dukani ipo 120, jumla 125, inatoa kilohezi 1007. Pikofaradi moja na nusu hivi iliyobaki ni vigumu kuipata kamili kwenye kapasita ya dukani, tukaweka trima ndogo (kapasita ya kugeuza kwa bisibisi) sambamba, na kwa kuwa trima hata ikishushwa chini kabisa ina pikofaradi zake mbili tatu, tukashusha ile 120 tukaweka 110 (100 na 10 sambamba). Akaanza kuigeuza kwa bisibisi ya chuma, kila akifika penyewe akitoa bisibisi masafa yanaruka. Nikamchongea kijiti cha mwanzi, ncha bapa, akageuza nacho pole pole, akakitoa, ikabaki hapo hapo.